Mikseta ya mtumba na fedha ya upatu

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni)

Msikilizaji mpenzi, juma hili nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wenu mmekiona lakini hamkupata sababu ya kukijali. Ni lile sanduku bapa lenye vitufe vingi vya kuzungusha ambalo fundi hukaa nalo pembeni kwenye harusi, au lile analoliinamia kijana wa mitambo kanisani wakati kwaya inaimba. Mafundi huliita mikseta. Kazi yake ni kupokea sauti za maikrofoni na vyombo mbalimbali, kila moja kwa mlango wake, kuzipima ipi ipande na ipi ishuke, kisha kuzitoa zikiwa zimechanganyika. Ninayoizungumzia leo ni ile ndogo ya zamani, isiyo na kompyuta ndani yake, inayouzwa ikiwa imekwisha kutumika, na inayotafutwa na vijana wanaofungua studio za kurekodia vyumbani mwao.

Aliyenifanya nilete jambo hili hapa ni dada yangu anayekaa Mbagala. Mwaka jana, mwezi wa tisa, zamu yake ya upatu ilifika akapokea shilingi 600,000. Fedha hiyo ilikuwa na kazi yake tangu siku ya kwanza ya kucheza: kununua bati za kuezeka upya chumba cha uani, ambacho kila vuli kinavuja. Chumba hicho analala mwanawe, na humo humo ndimo kijana huyo anamorekodia. Anarekodi matangazo ya maduka, kaswida, kwaya na hao vijana wenzake wanaotaka kuwa wanamuziki. Basi kijana naye akaja na lake. Ameona mikseta Kariakoo, imetumika lakini nzima, bei shilingi 450,000, na mwenye duka amemwahidi kuiweka kando siku tatu tu.

Dada akanipigia simu. "Kaka," akaniambia, "wewe umekaa na hivyo vitu redioni maisha yako yote. Nenda ukanitazamie. Ukisema kizuri, natoa fedha. Ukisema kibaya, nanunua bati."

Nadhani mnauona mzigo wenyewe. Mtu hupenda kuombwa ushauri, lakini si ushauri ambao usipokuwa sahihi dada yako atalala na beseni chini ya dari.

Niliondoka nyumbani nikiwa nimekwisha kuamua kusema hapana. Nitawaeleza kwa nini, na kwanza lazima nirudi nyuma kidogo.

Zamani kurekodi muziki hakukuwa jambo la chumbani. Hapa kwetu bendi kama NUTA Jazz, Vijana Jazz na Mlimani Park zilikwenda kwenye studio ya Radio Tanzania, Barabara ya Pugu, zikapanga vyombo, zikapiga wimbo mzima kwa pamoja, na mtu wa mitambo akaupima hapo hapo. Huko Ulaya na Marekani, mikseta ya studio kubwa ilikuwa pana kama meza ya kulia ya watu kumi na bei yake ilikuwa bei ya nyumba. Mlango ulianza kufunguka mwaka 1979, kampuni ya TASCAM ya Japani ilipotoa Portastudio 144, mashine ndogo iliyounganisha mikseta na kaseti ya kawaida na kurekodi njia nne. Mwanamuziki wa Marekani Bruce Springsteen alitumia moja ya hizo nyumbani kwake mwaka 1982, na zile kaseti za nyumbani ndizo zilizotolewa kuwa santuri yake ya Nebraska.

Halafu ikaja miaka ya 1990. Mwaka 1991 kampuni ya Mackie ya Marekani ilitoa mikseta iitwayo CR-1604, ndogo ya kubebwa na mtu mmoja, ngumu, na yenye sauti safi kuliko bei yake. Mwaka uliofuata mashine ya ADAT ya kampuni ya Alesis ikaanza kuuzwa, ikirekodi njia nane kwenye mkanda wa video. Mtu akiwa na viwili hivyo na chumba kisicho na makelele, alikuwa na studio. Ndiyo miaka hiyo hiyo ambayo hapa Dar es Salaam studio za watu binafsi kama MJ Productions na Bongo Records zilianza kufanya kazi, na kijana asiye na bendi akaweza kurekodi wimbo wake bila kungoja kibali cha mtu.

Leo mikseta za kizazi hicho zina umri wa miaka 25 na hata 30. Wenye nazo wamehamia kwenye kompyuta, nazo zinauzwa, na nyingine zinatufikia na mitumba mingine. Na hapo ndipo ilipokuwa hoja yangu. Kazi ya kuchanganya sauti sasa inafanywa ndani ya kompyuta. Kijana wa siku hizi anahitaji kompyuta, maikrofoni, na kile kisanduku kidogo cha kuingizia sauti ambacho mafundi hukiita kadi ya sauti. Mpwa wangu alikuwa navyo vyote vitatu, na kadi yake ilikuwa na milango miwili. Mikseta ya nini tena?

Tena iko hasara ambayo wauzaji hawaitaji. Mikseta ndogo, hata ukiichomeka maikrofoni sita, mwisho wake inatoa nyaya mbili tu, kushoto na kulia. Ukizirekodi hizo, sauti zote zimekwisha kuwa kitu kimoja. Baadaye ukigundua kwamba mwimbaji wa tatu alikosea, huwezi kumtoa peke yake. Pilau ikishaiva hurudishi mchele guniani wala nyama buchani.

Tukaenda Kariakoo, mimi na mpwa wangu, na nikamchukua fundi mmoja mzee wa redio ninayemwamini, na dada mwenyewe akasema hawezi kubaki nyumbani wakati fedha yake inatembea. Tulikuwa wanne.

Sasa nisikilizeni vizuri, ninyi mnaotaka kununua. Kitu cha kwanza fundi alichofanya hakikuwa kuiwasha. Aliigeuza akasoma nyuma. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Marekani huandikwa volti 120, na umeme wetu ni 230. Isiyokuwa na swichi ya kubadilishia, ukiichomeka ukutani bila transfoma, utaiona moshi kabla hujasikia sauti. Hii yetu ilikuwa ya Ulaya, tukapita salama. Kuna na jambo la adapta. Mikseta ndogo nyingi, zikiwamo nyingi za Behringer, hutumia adapta yake maalumu yenye pini tatu na inayotoa umeme wa AC. Adapta hiyo ikipotea, usidhani ya redio au ya kompyuta itafaa. Muuzaji akikwambia "adapta utapata popote", mwombe akuletee yeye hiyo ya popote.

Pili, tulihesabu milango. Mwenye duka alisema ni mikseta ya chaneli 14, na kweli namba 14 imeandikwa usoni. Lakini namba hiyo hujumlisha na milango ya kinanda na redio, ambayo huhesabiwa miwili miwili. Milango ya maikrofoni yenyewe ilikuwa sita. Si uongo, ndivyo kampuni nyingi zinavyohesabu. Hata ile CR-1604 niliyoitaja, yenye jina la 16, ilikuwa na milango sita ya maikrofoni. Mpwa wangu hakuwa anajua, na nilimwona anameza mate.

Ndipo tukaiwasha. Tulikuwa tumebeba maikrofoni yetu na hedifoni yetu, kwa sababu ya duka huwezi kujua aibu ni ya nani. Maikrofoni inapita mlango mmoja baada ya mwingine, na kwenye kila mlango unazungusha kila kitufe polepole, kwenda na kurudi. Kikikwaruza, ni vumbi au kutu ndani. Kizungushe mara kumi. Mkwaruzo ukipungua, ni wa kusafishika kwa dawa. Ukibaki vile vile, kifaa hicho kimelika na kitabadilishwa. Kisha unapandisha bila maikrofoni na kusikiliza ukimya wake, kwani kila mashine ina mvumo wake. Mvumo mwembamba kama upepo wa mbali si neno. Mngurumo kama wa friji ni habari nyingine.

Tulipofika kwenye vile vijiti vya kusukuma juu na chini, ambavyo kwa lugha yao huitwa feda, cha mlango wa nne kilikuwa kinakatakata sauti. Fundi akatikisa kichwa akasema, "Hapa feda ndiyo tatizo." Dada yangu, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda na mkoba mapajani, akajibu, "Mimi nilijua tangu asubuhi kwamba fedha ndiyo tatizo." Hata mwenye duka alicheka.

Fundi akatoa mita yake akapima ile swichi ya volti 48, inayopeleka umeme kwenye maikrofoni za kondensa kwa waya huo huo wa sauti. Unapima kati ya pini ya kwanza na ya pili. Milango mitano ilisoma 48, mmoja ulisoma sifuri. Kisha akagonga kifuniko kwa kifundo cha kidole, taratibu, kama anayepiga hodi, na sauti ya kushoto ikapotea ikarudi. Ndani ya mashine hizi kuna mikanda ya nyaya inayounganisha bodi moja na nyingine, na kuna risasi iliyochomewa ambayo huachia kwa miaka na kwa safari. Ukigonga, inajisema yenyewe.

La mwisho ndilo lililowaudhi wenye duka: tulikataa kuizima. Muuzaji hukuwashia dakika tatu, akakusikilizisha wimbo, akazima. Sisi tuliagiza chai. Baada ya dakika 20 hivi ule mngurumo wa friji ukaanza kupanda masikio yote mawili. Mwenye duka akasema, "Mzee wangu, hiyo ni hedifoni yako." Nikamchomekea hedifoni ile ile kwenye simu yangu akasikia kimya. Hakusema tena. Fundi akaninong'oneza kwamba kapasita za upande wa umeme zimechoka, jambo la kawaida kwa mashine ya umri huo, na si la bei kubwa kwa anayejua kazi.

Nilimwambia dada mbele ya wote: kwa shilingi 450,000, hapana. Mpwa wangu hakujibu neno. Njiani kwenye daladala nilimpa mhadhara wangu wote, wa kompyuta, wa pilau, wa kila kitu. Alinisikiliza kwa adabu, na mimi nikachukulia adabu ile kuwa makubaliano. Sisi wazee tuna ugonjwa huo.

Wiki tatu baadaye nilikwenda Mbagala kwa jambo lingine, nikaikuta mikseta mezani.

Nilimtazama dada. Hakutikisika. "Nilimpa mwenyewe," akasema. "Wewe ulisema kibaya kwa laki nne na nusu. Kwa laki mbili na nusu hukusema kitu." Kumbe mwenye duka, baada ya kuambiwa kasoro zote mbele ya wateja wengine, alimpigia simu kijana mwenyewe na kushuka hadi shilingi 250,000. Kijana akalipa fundi shilingi 40,000 za mfukoni mwake: kapasita zikabadilishwa, risasi ikachomewa upya, vitufe vikasafishwa. Mlango wa nne umebaki bila feda. Ameubandika plasta.

Nilikasirika, siwafichi. Shilingi 350,000 zilizobaki zilitosha bati kumi na mbili, na chumba kinataka ishirini. Nikamwuliza kijana swali nililopaswa kumwuliza kabla ya kwenda Kariakoo: ulikuwa unaitaka ya kazi gani? Akanijibu, "Mjomba, njoo Jumamosi."

Jumamosi nilikuta vijana watano wa kwaya, wanne wa kuimba na mmoja wa kinanda, wamejipanga katika chumba ambacho ukinyoosha mikono yote miwili unagusa kuta. Wote watano walikuwa na hedifoni. Na hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Nilikuwa nimemfikiria mtu mmoja mbele ya maikrofoni moja. Yeye alikuwa na watu watano wanaotaka kusikiana.

Sauti ikiingia kwenye kompyuta lazima igeuzwe kuwa hesabu, ifanyiwe kazi, kisha igeuzwe kuwa sauti tena. Safari hiyo huchukua sehemu ndogo ya sekunde, na kwa kompyuta dhaifu kama yake, mwimbaji hujisikia akijifuata mwenyewe, kama zile simu za nje za zamani ambazo neno lako lilikurudia. Hakuna anayeweza kuimba hivyo. Iko njia ya kadi za sauti kumsikilizisha mwimbaji moja kwa moja, lakini kadi yake ina milango miwili na tundu moja la hedifoni. Mikseta ya kale haina hesabu ya kufanya. Sauti inapita kama umeme kwenye waya, na inafika papo hapo. Kwenye kila mlango kuna kitufe cha kupeleka sauti pembeni, na kwa hicho aliwapangia waimbaji mchanganyiko wao kupitia kisanduku cha kugawa hedifoni nne, na mpiga kinanda akachukua tundu la mikseta yenyewe.

Nikamwuliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta pa kushika, habari ya pilau. Akatabasamu. Nyuma ya mikseta kuna tundu la kila mlango la kuunganishia mitambo mingine. Ukichomeka plagi ya sauti ya kawaida mpaka mwisho, umekata njia ya sauti. Ukiichomeka nusu, hadi ule mlio wa kwanza, inachukua nakala ya sauti ya mlango huo bila kuukata. Alikuwa ameichukua hivyo sauti ya mwimbaji wa mbele akaipeleka mlango wa kwanza wa kadi. Kisha akamshusha feda hadi chini ili asiingie kwenye mchanganyiko wa wenzake, lakini kwenye hedifoni bado anasikika, kwa sababu njia ile ya pembeni inachukuliwa kabla ya feda. Wenzake na kinanda wakaenda mlango wa pili. Njia mbili, na kiongozi yuko peke yake, unaweza kumpandisha au kumshusha kesho. Ujanja huo kafundishwa na yule yule fundi mzee niliyempeleka mimi. Nami niliukaa nao karibu miaka mingi kazini, nikausahau.

Hao wanne wa nyuma wamebaki pilau, hilo kweli. Mmoja akikosea wanarudia wote. Nilikaa nao saa tatu, wakarudia ubeti mmoja mara kumi na moja, wakagombana, wakacheka, na mara ya kumi na mbili wakaupata. Nilikumbuka zile rekodi za Barabara ya Pugu.

Kwa hiyo mniulizapo, kwa vile najua mtaniuliza kwa barua: kijana anayeimba peke yake na ngoma za kompyuta, bado namwambia asinunue. Fedha hiyo ikamtafutie maikrofoni bora na mablanketi ya kufunika kuta. Mwenye kurekodi watu watatu, wanne, watano kwa pamoja, na ambaye kadi yake ina milango miwili, aitafute. Lakini aende na fundi, na akubali kunywa chai ndefu dukani.

Mvua za vuli zilianza. Bati kumi na mbili zimepigwa upande wa mikseta, si upande wa kitanda, na kijana amehamishia godoro chini ya meza. Mvua ikinyesha juu ya bati hakuna kurekodi, makelele ni mengi, wanakaa wanakunywa uji. Kwa kila wimbo anatoza shilingi 30,000, na hadi juma lililopita alikuwa amemrudishia mama yake 120,000. Usiku dada huingia na kanga yake akaifunika mikseta mwenyewe. Nilipomwambia kanga si lazima, kitambaa chochote kinazuia vumbi, aliniambia kile si chombo cha mwanawe, ni bati nane zilizokunjwa.

Hadi juma lijalo, tukijaaliwa.